Mashini Iliyouzwa Mara Tatu

Jumanne mchana Eliane alirudi kutoka chuo na karatasi mkononi, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshaanza kuisoma kwa sauti. Mama yake, Mama Kahongya, aliacha kuchambua maharage. Dada yake mkubwa, Florentine, hakuacha kushona. Mashini yake ya kushona ilikaa barazani, pale mtaa wa Furu, ambapo kila mpita njia wa Butembo aliweza kuiona, na siku hiyo ilikuwa na sketi sita za shule za kumaliza.

“Professeur ametupa conseils, mashauri ya kutafuta makuta ya kusaidia batu,” Eliane alisema. “Ya kwanza: musilombe mutu kitu mbele hamujamwonesha kazi yenu. Ya pili: musikimbilie tu batajiri benye majina, mulombe hata batu benye kupita barabarani. Ya tatu…”

“Ya tatu mukule mbele ya kwenda,” Mama Kahongya alisema. “Ju mutu mwenye njaa akilomba, batu banazania anajilombea yeye mwenyewe.”

Eliane alicheka mpaka akakaa chini. Yeye na wenzake walikuwa na kundi la wanafunzi wa kujitolea, walilolipa jina la Mikono. Walitaka kununua magodoro kumi na mawili kwa kituo kidogo cha afya upande wa Vuhovi, ambako wanawake waliokimbia vita vya Beni walikuwa wakijifungua na kulala juu ya mikeka na watoto wao. Walikuwa wameosha pikipiki kwenye mlango wa chuo wiki tatu. Walikuwa wameuza maandazi kati ya masomo. Magodoro waliyopata yalikuwa mawili.

Florentine alisikia yote. Alisikia professeur, alisikia comité, alisikia auditoire, ule ukumbi wa masomo, na kila neno lilimfikia kama harufu ya nyama inayopikwa kwa jirani. Yeye shule ilimwishia darasa la tano. Akakanyaga mashini kwa nguvu zaidi, labda kelele zake zitafunika yale maneno.

“Yaya,” Eliane alimwita, kama anavyoitwa dada mkubwa. “Na weye unafikiri nini?”

Kuulizwa hivyo lilikuwa jambo jipya. Florentine aliona haya, akajibu bila kuinua kichwa. “Mufanye vente, mnada sawa ile ya paroisse, kule kanisani. Munaleta jogoo. Mutu ananunua, analipa, kisha anairudisha. Munaiuzisha tena. Mutu mwingine ananunua, anairudisha. Jogoo moja inafanya kazi ya jogoo kumi, na jioni jogoo inarudi kwa mwenyewe.”

Eliane alisimama akamtazama. Kisha akaja akamkumbatia shingo kwa nyuma, na mshono wa sketi ukapinda. Kwa siku mbili Florentine alikuwa na furaha ambayo hakumwambia mtu.

Ijumaa alikuja Shekinah. Alikuwa présidente wa Mikono, mtoto wa muuza mabati na misumari, na alitaka nguo ya siku ya mnada. Florentine alimpima kiuno, pini nne mdomoni, huku Eliane amekaa kwenye kiti karibu nao.

“Eliane, idée yako imepita!” Shekinah alisema juu ya kichwa cha Florentine. “Comité yote imekubali. Doyen, mukubwa wetu wa chuo, anasema, uyu mutoto ana kichwa ya kuongoza batu. Njo vile alisema, naapa.”

Eliane alimtupia dada yake jicho. Lilikuwa jicho fupi tu. Kisha akasema, “Merci.”

Florentine aliendelea kupima. Alingojea Eliane aongeze neno, na Eliane akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

“Papa yangu atatoa mbuzi,” Shekinah aliendelea. “Mama ya Ananie atatoa sungura mbili. Nyinyi muleteko hata mayai, haina shida. Tunajua hali ya batu.”

Florentine alitoa pini mdomoni, moja moja.

“Tutaleta mashini,” alisema.

“Mashini gani?” Mama Kahongya aliuliza kutoka jikoni.

“Iyi.”

Shekinah akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake. “Mais yaya! Mashini? Batu bakiinunua je?”

“Bananunua, banarudisha. Si njo vile inafanyikaka? Mbuzi itauziwa dola kumi. Mashini itauziwa ngapi?” Aliuliza hilo akimtazama Shekinah machoni, jambo ambalo hakuwa amewahi kumfanyia mteja, na Shekinah akainamisha macho kwanza.

Mama Kahongya alizungumza naye baadaye, kwa sauti ya chini, akiwa na kijiko mkononi. Alimwambia mtu hatoi jembe lake msimu wa kulima. Florentine akamjibu kuwa kwa paroisse miaka yote hajaona kitu kikikosa kurudi. Ilikuwa kweli. Mama mwenyewe alikuwa amenunua kuku yule yule mara mbili, Noeli moja, na kuku alilala kwa mwenyewe.

Jumamosi Florentine alikodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akatembea kando yake mpaka chuo, mkono mmoja juu ya mashini ili isiruke kwenye mawe. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Mwenye chukudu alimuuliza kama anahama, akasema hapana, anaenda université. Alipenda jinsi neno lile lilivyotoka mdomoni mwake.

Mlangoni mvulana mwenye fulana ya Mikono alipokea mashini, akaandika kwenye daftari “famille Eliane,” kisha akamtazama Florentine kuanzia kitambaa cha kichwa hadi ndala.

“Mama, ba boissons ziko kule nyuma ya auditoire. Haraka, bageni banakauka.”

Akampa sinia. Florentine alikuwa na miaka ishirini na minne na hakuna aliyewahi kumwita mama. Alitafuta namna ya kukataa ambayo isingemfanya aonekane mtu wa kujivuna, na alipokuwa bado anaitafuta alikuwa ameshabeba Fanta kumi na mbili. Alipita kati ya viti akigawa. Eliane alimwona kutoka mbele, karibu na kipaza sauti, akampungia mkono akitabasamu, akidhani dada yake amejitolea kusaidia.

Ananie ndiye aliyekuwa akinadi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa, na alianza na jogoo. Mwalimu mmoja akamnunua. “Narudisha!” akasema, na watu wakapiga makofi. Akanunuliwa tena, akarudishwa tena, mara sita, mpaka yule jogoo akachoka kupiga kelele, akakaa tu mikononi mwa Ananie akitazama watu. Mbuzi wa baba yake Shekinah aliuzwa mara nne. Kila jina la baba lilipotajwa, Shekinah aliinuka kidogo kwenye kiti, na nguo aliyoshonewa na Florentine usiku ule wa Ijumaa ilimkaa vizuri sana.

“Sasa!” Ananie alipiga kelele. “Kitu kubwa! Mashini ya kushona, nzima, inatembea! Tunaipata kwa famille ya Eliane wetu! Eliane, simama bakuone!”

Eliane akasimama. Makofi yakalia. Florentine alikuwa nyuma kabisa, na sinia ya chupa tupu, na kila kofi alilihisi shavuni.

Mwalimu yule yule alitoa dola arobaini. “Narudisha!” Baba yake Shekinah akatoa hamsini, akangoja kidogo ili watu wote wamtazame, akasema anarudisha. Kisha mkono ukainuka upande wa barabara, mkono wa mzee mwenye kofia nyeupe aliyekuwa amefika dakika hiyo tu.

Huyo alikuwa Mzee Maulidi wa Beni, mwenye malori ya kwenda Kasindi, mpakani. Hakumjua mtu pale. Eliane ndiye aliyempa kadi ya mwaliko, Ijumaa jioni, kwenye kituo cha mafuta, kwa kufuata conseil ya pili ya professeur. Kadi ilisema tu: Mnada wa kusaidia mama wazazi. Mzee alikuwa ameisoma, akaja na pesa.

“Tisini,” alisema.

Watu walipiga mluzi. Hakuna aliyepita tisini. Mzee Maulidi akaja mbele, akamhesabia Ananie noti moja baada ya nyingine, akageukia dereva wake. “Djuma, pakia.”

Watu wachache walicheka, wakidhani ni utani wa mzee. Djuma hakucheka. Alimwita mwenzake, wakashika mashini pande mbili, wakaiinua.

“Papa… donc… munaibeba?” Ananie aliuliza, na alisahau kuondoa kipaza sauti mdomoni.

“Nimeinunua, niiache?” Mzee alishangaa. “Binti yangu Nasiba anatafuta mashini tangu Ramazani. Nimezunguka Beni yote. Kumbe Mungu ameniwekea hapa. Mubarikiwe, batoto.”

Ananie alimtazama Eliane. Eliane alikuwa akimtafuta dada yake kwa macho, midomo wazi. Shekinah alikuwa ameshafika kwa Florentine, akamshika bega, akamnong'oneza kwa sauti laini, ile watu wanayoitumia kwa wagonjwa.

“Yaya Florentine, pole. Hapana kuona haya. Nitaambia papa amuongeleshe uyu muzee, amuelezee kama weye ni mutu ya nguvu kidogo. Atakusikilia huruma.”

Florentine aliweka sinia chini. Chupa mbili zikaanguka.

“Abebe,” alisema. Sauti yake haikuzoea mahali pakubwa, lakini ilifika. “Mashini ni yangu, miye njo niliileta. Nimetoa. Abebe.”

Watu wakageuka. Wakati huo ndipo walipomwona. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, walimu wakasimama, hata baba yake Shekinah akasimama. Siku nzima hayakupigwa makofi kama yale. Yalidumu mpaka gari la Mzee Maulidi likakata kona ya kuteremka mjini, kisha yakaisha, na mvulana mwenye fulana akaja kumuuliza kama chupa zile mbili zimevunjika.

Jumapili baada ya misa akaja mama wa mtaa wa chini kuchukua sketi sita. Mbili zilikuwa tayari, nne zilikuwa vitambaa. Alizipokea zote bila kuzikunja.

“Nasikia umekuwa mufazili,” alisema. “Ni muzuri. Sasa unirudishie avance yangu, ju batoto bangu hawawezi kuvaa makofi.”

Mama Kahongya alimlipa kutoka kwenye kitambaa chake, na kilichobaki humo hakikuhitaji kufungwa. Mgeni alipoondoka, mama alibaki amesimama barazani, mahali pale patupu ambapo miguu ya mashini ilikuwa imeacha alama nne.

“Ulitaka nini, Florentine? Unielezee tu. Ulitaka bakuone? Batu bote ya hapa si banakuona?”

Florentine alitia majani mengine ya mihogo kinuni. Alikuwa akitwanga sombe. Ndani, Eliane alikuwa amelala kifudifudi kitandani, analia.

“Tarehe kumi na tano ni tranche ya pili ya minerval,” Eliane alisema kupitia mlango. “Mutu asiyelipa haingie ku examen.”

Hakuna aliyehitaji kumuuliza minerval ilikuwa ikitoka wapi. Ilitoka mashinini. Ada zote zilishonwa pale barazani, sketi kwa sketi, miaka miwili.

Florentine aliendelea kutwanga. Na alipokuwa akitwanga alihisi kitu baridi na kitamu kikimteremka kifuani, kama maji baada ya kazi ya juani. Alikichunguza akajua ni nini. Ilikuwa furaha. Sasa tutalingana, aliwaza. Atakaa nyumbani. Tutabeba kikapu kimoja naye, yeye upande huu, mimi upande huu. Hakuna atakayeleta karatasi ya professeur katika nyumba hii tena, wala hakuna atakayesema ana kichwa ya kuongoza batu. Wazo hilo lilimwogopesha, kwa sababu Eliane alikuwa bado analia na alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Lakini hakulifukuza. Alilala nalo.

Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi, Eliane aliingia mbio, vumbi mpaka magotini.

“Nimemuona Muzee Maulidi. Iko ku dépôt kule chini, anapakia. Nimemuelezea yote, vile tunafanyaka, kununua na kurudisha. Alishika kichwa! Anasema, mbona hamukuniambia? Makuta yake hailombe tena, inaenda ku matela, ile magodoro ya bamama. Mashini ataiacha. Lakini anataka weye mwenyewe uende, useme. Lori inatoka saa sita.”

Mama Kahongya akasema, “Mungu ni mukubwa,” na akaanza kutafuta viatu vya Florentine.

Florentine hakusimama. “Nani alikutuma?”

“Yaya?”

“Nauliza nani alikutuma ukaseme kwa jina yangu. Idée yangu ulisemea. Mashini yangu ulisimamia ukapigiwa makofi. Sasa hata kulomba yangu unanilombea? Niachie kitu moja nifanye na kinywa yangu!”

“Nimeambia comité kama idée ni yako,” Eliane alisema. “Niliandika jana, ku WhatsApp, bote basome.”

“Na Ijumaa? Ijumaa kinywa yako ilikuwa wapi?”

Eliane alikaa chini kwenye kizingiti. Alijifuta vumbi, mguu mmoja, kisha mwingine.

“Ijumaa nilikuwa na wivu,” alisema.

Florentine alidhani hakusikia vizuri. “Wivu? Weye? Wivu ya nini?”

“Yako. Kila mutu anapita hapa anakuita weye, Florentine, Florentine, nishonee. Mama akipika anakuwekea weye nyama, ju weye njo unatumika. Hata kalamu nikinunua, ni franga zako. Kule chuo kila kitu nasema ni ya professeur, ya kitabu. Shekinah akasema idée yako, idée yako… nikapenda kwanza kidogo. Nikataka kuirudisha kesho yake. Kisha ukasema utaleta mashini, na ukanizidi tena.”

Mama Kahongya alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi. Aliwatazama wanawe wawili kana kwamba wameletwa na jirani.

“Bon,” alisema hatimaye. “Nimezaa bawivu. Nitalia kesho. Saa sita ni karibu.”

Dada hao wawili waliteremka haraka mpaka kule chini. Dépôt ilikuwa uwanja wa matope makavu wenye malori mawili, na vijana wa kubeba mizigo wamekaa juu ya magunia ya kahawa wakila mihogo. Chini ya kivuli cha lori la kwanza ilikuwepo mashini, na msichana wa miaka kumi na minane hivi amekaa nyuma yake, mtandio wa kijani kichwani. Alikuwa akishona foronya. Alikuwa amepitisha uzi vibaya, na mshono wake ulikuwa unaruka, lakini alikuwa ameinama juu yake kwa utulivu wa mtu aliye peke yake duniani.

Mzee Maulidi alikuja akifuta mikono.

“Weye njo mwenyewe? Nakukumbuka, weye njo ulisema abebe. Sikiya, binti yangu. Miye ni mutu ya biashara, ku mnada nanunua, nabeba. Desturi yenu sikuijua. Mudogo wako amenielezea, na sina kinyongo. Lakini weye ulisema neno mbele ya batu mia, bakakupigia makofi. Siwezi kurudisha kitu yako juu ya neno ya mutu mwingine. Useme weye.”

Vijana juu ya magunia waliacha kutafuna. Nasiba, maana msichana ndiye aliyekuwa Nasiba, aliyesafiri na baba yake, aliacha kukanyaga.

“Muzee, ni kama vile nilisema,” Eliane alianza, “tuko na minerval, na bateja…”

Florentine alimgusa mkono, na Eliane akanyamaza. Florentine angeweza kusema mama yetu ni mjane. Angeweza kusema mdogo wangu ana mtihani. Yote yalikuwa kweli, na kwa kila moja angekuwa amejificha nyuma ya mtu mwingine. Kijana mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika kwamba yaya amemeza ulimi.

“Ni yangu,” alisema Florentine. “Niliitoa ju ya wivu. Nilitaka batu banitazame. Sasa naitaka.”

Vijana waliangua kicheko, mmoja akapiga mluzi mrefu. Mzee Maulidi hakucheka. Alimgeukia binti yake.

“Nasiba. Simama.”

“Baba, ulisema…”

“Nilisema. Simama, mama. Tutatafuta ingine.”

Nasiba alisimama polepole. Alivuta foronya yake, uzi ukakatika, ukabaki unaning'inia kwenye sindano. Aliikunja vizuri kabisa, mara mbili, mara nne, kana kwamba ilikuwa imekwisha. Ndipo akainua macho. Alimtazama Florentine, akatazama vidole vyake vyenye alama za sindano, akamtazama Eliane na begi lake la chuo, halafu akarudi kwa Florentine, na akabaki hapo.

Florentine alilijua jicho lile. Alikuwa amelibeba mwenyewe miaka, na hakuwahi kuliona likimtazama yeye. Alifikiria kumwambia aje Butembo siku moja, atamfundisha kupitisha uzi. Badala yake akainama, akashika mashini upande wa gurudumu.

“Shika vizuri,” alimwambia Eliane.

Waliinua pamoja. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Walipita kati ya magunia, Florentine mbele, Eliane nyuma, na mpaka wanafika barabarani alihisi macho yale mgongoni, na hakugeuka.